Usiende Dirishani na Nguo ya Kuazima

Kabla hujafungua kompyuta, kabla hujaenda kupiga picha, mfukuze dalali.

Dalali wa viza hana ofisi. Ana simu mbili na bahasha ya kaki, na huketi pale pale unapoketi wewe: msibani, arusini, kwenye baraza ya kahawa. Taja tu kwamba dada yako amejifungua huko Minneapolis na mama anatamani kumpakata mjukuu, naye atakuvuta kando akuulize kwa sauti ya chini, "Mama ana ngapi benki?" Ukimjibu kweli, atatikisa kichwa kama daktari aliyekuja na majibu mabaya. Biashara yake huanzia hapo, kwenye kichwa kinachotikisika. Anataka uamini kwamba maisha ya mama yako hayafai kuonyeshwa mtu, na kwamba yeye anajua yanakokodishwa mengine.

Sisi tulikodi. Ndiyo maana naandika.

Mama hukaanga mahamri Mombasa. Huamka saa tisa za usiku, hufunua beseni la unga uliokandwa kwa tui na iliki, ukalala ukiumuka, husukuma, hukata robo robo, na adhana ya alfajiri humkuta karai limeshapata moto. Ikifika saa moja watoto wa shule wameshapita na mafundi wa gereji wameshachukua yao na mbaazi za nazi. Kazi hiyo imetusomesha watoto wanne. Lakini kijana wa saiba aliyetujazia fomu ya viza alipofika kwenye swali la kazi, alimtazama mama alivyoketi kwenye kiti cha plastiki, kipochi mapajani, akabofya neno la Kiingereza lenye maana kwamba hana kazi. Hakumuuliza. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona, nikanyamaza, kwa sababu dalali alikuwa ameshatuambia kuwa mahamri si kazi ya kuandika.

Dalali huyo huyo alimfundisha mama aseme ana duka la vitambaa. Kisha akatukopesha, kwa riba, shilingi laki nne zilizolala kwenye akaunti ya mama siku tano. Basi siku ya mahojiano fomu ilisema mama hana kazi, mdomo ukasema ana duka, na benki ikasema ametajirika tangu Jumatatu. Tulipeleka kwenye dirisha la ubalozi wa Marekani wanawake watatu ndani ya buibui moja. Ofisa hakuhitaji hata dakika tatu kuwarudisha wote. Simlaumu.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Haya yote yanayofuata ni ya kukusaidia kuivua nguo hiyo na kwenda na yako.

Elewa kwanza unakabiliwa na nini. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 ina kifungu cha 214(b), kinachosema kwamba anayeomba viza ya kutembea ahesabiwe kuwa anahamia, mpaka yeye mwenyewe amridhishe ofisa kwamba sivyo. Mahakamani kwetu mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Hapa umeshahesabiwa mhamiaji kabla hujasema hujambo, na kazi ya kujitetea ni yako. Naiona sheria hiyo kuwa nzito kwa mwanamke ambaye hajapata kulala nje ya Pwani zaidi ya wiki mbili. Lakini ukishaijua, mengi hufunguka. Ofisa hatafuti kujua kama wewe ni tajiri au msomi. Anauliza swali moja kwa njia kumi: ni nini kitakachokurudisha nyumbani? Dalali hana jibu la kukuuzia hapo, maana hajui hata jina la mtu anayekudai mahamri ya jana.

Pima pia unalipa nini. Ada ya maombi ilipanda mwezi Juni 2023 kutoka dola 160 hadi 185, na hairudishwi hata ukikataliwa. Kwa shilingi zetu ni karibu 24,000. Hamri moja la shilingi kumi, hayo ni mahamri 2,400, kila moja likiwa limesukumwa kwa mkono. Tulilipa mara mbili, na juu yake dalali akala chake. Jua basi kwamba dalali hana mlango wa nyuma. Miadi unaweka mwenyewe kwenye tovuti baada ya kulipa ada, na anayekuuzia "tarehe ya karibu" anakuuzia kitu unachoweza kukitazama mwenyewe kila asubuhi bila malipo. Tiketi ya ndege usiinunue bado; ubalozi wenyewe hushauri usubiri viza kwanza. Barua ya mwaliko nayo si sharti la kuomba, hata ikipigwa mihuri mitano. Dada yako akikuandikia, ichukue, lakini usidhani ndiyo itakayosema kwa niaba yako.

Fomu inaitwa DS-160. Hujazwa kwenye intaneti na majibu huandikwa kwa Kiingereza. Ukiiacha dakika 20 bila kuigusa hujifunga, kwa hiyo namba ya maombi iandike kwenye karatasi kabla ya lolote jingine. Ipe fomu hii siku nzima, na usiifanyie saiba huku watu wamepanga foleni nyuma yako, kwa sababu fomu ndiyo mahojiano. Ofisa anayo mbele yake, na mengi atakayokuuliza yanatoka humo.

Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama mtaani hakuna anayekuita hivyo. Tarehe ya kuzaliwa vilevile. Wazee wetu wengi walizaliwa mwaka wa tukio. Mama ni wa mafuriko makubwa ya 1961, na karani mmoja wa zamani akampa 1 Januari 1962 ili kisanduku kisibaki kitupu. Mbele ya ofisa yeye ni wa tarehe moja Januari. Habari za mafuriko atamsimulia mjukuu.

Sasa kazi. Hapa nakuomba usimame, maana hapa ndipo wengi wetu tunapojizika wenyewe. Muulize mwanamke wa sokoni anafanya kazi gani, atakwambia, "Nahangaika tu." Muulize mvuvi wa Shimoni, atakwambia, "Najitafutia." Ni unyenyekevu mzuri, tumelelewa nao, lakini "nahangaika" haina kisanduku kwenye fomu. Fomu ina nafasi ya kueleza kazi kwa maneno yako. Ieleze. Mara ya pili tuliandika kwamba mama amejiajiri tangu 1994, anapika na kuuza vyakula, anatumia kilo kadhaa za unga kila siku, ana wateja wa kudumu wa shule mbili na gereji moja, na mwezi wa Ramadhani hupokea oda za kaimati na mkate wa sinia. Nilipomsomea kwa Kiswahili yale niliyoyaandika, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni nyingi." Miaka thelathini alikuwa hajapata kusikia kazi yake ikisomwa kwa sauti. Nilimwomba radhi kwa siku ile ya saiba. Mwenye bodaboda aandike bodaboda. Anayelima mihogo Kilifi aandike ekari, na msimu wa kuvuna, na anayemuuzia.

Fomu pia inauliza kama kuna mtu aliyekusaidia kuijaza. Kijana wa saiba hubofya "hapana" ili amalize haraka. Kama alikusaidia, sema ndiyo na umtaje, kisha mwishoni bofya sahihi kwa kidole chako mwenyewe, maana kiapo ni chako. Inauliza una jamaa gani Marekani, kama kuna aliyewahi kukuombea uhamiaji, kama umewahi kukataliwa viza. Barazani watakuambia umfiche dada yako, "wasije wakadhani unamfuata." Usimfiche! Unakwenda kumwona yeye. Ukimfuta yeye unakwenda kumwona nani? Kukataliwa mara moja si doa la kudumu. Uongo ndio doa la kudumu: sheria ile ile ya uhamiaji inaruhusu anayedanganya ili apate viza azuiwe kuingia maisha yake yote. Tangu 2019 fomu inataka hata majina ya akaunti zako za mitandao ya kijamii za miaka mitano iliyopita. Kama ukurasa wako wa Facebook unasema wewe ni mkurugenzi wa kampuni iliyo kichwani mwako tu, huu ndio wakati wa kujiuzulu.

Picha ni jambo dogo, ila watu wengi hurudishwa nalo: milimita 51 kwa 51, nyuma peupe, bila miwani tangu Novemba 2016. Mtandio wa kila siku wa dini unaruhusiwa mradi uso wote uonekane na kitambaa kisiutie kivuli.

Pesa za kukodi ziache. Ofisa anayeona akaunti iliyolala mwaka mzima kisha ikaamka na laki nne anajua alichokiona. Ni kweli, watu wa kipato kama cha mama hawana stetimenti za benki zinazopendeza, lakini tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 Wakenya wengi wameandika maisha yao kwenye simu bila kujua. Tulipochapisha rekodi za miezi sita, nilikuta biashara nzima humo. Unga, sukari, nazi za Jumanne, shilingi mia mbili mia mbili kutoka kwa mafundi, mchezo wa kina mama kila mwisho wa mwezi, karo ya mpwa wangu. Hakuna pesa nyingi hata mahali pamoja, lakini hakuna siku iliyokaa kimya. Chukua karatasi kama hizo, na hatimiliki kama unayo, na picha za kibanda. Kisha jiandae kwamba huenda usiulizwe hata moja. Wengi hawaulizwi. Kaa nazo, usizisukume chini ya kioo kabla hazijaombwa.

Na kama dada ndiye anayelipa tiketi, sema dada analipa.

Tukafanya mazoezi nyumbani, kaka yangu akiwa ofisa nyuma ya meza ya kulia. "Unakwenda wapi?" Mama akaanza na harusi ya dada, akapitia kwa bwana harusi na ukoo wake, mimba ya kwanza iliyoharibika, dua zilizosomwa, mpaka akafika kwa mtoto. Dakika sita. Marekani bado haijatajwa. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa kuzungumza, na ni adabu: humrushii mtu jibu kama unamrushia jiwe. Unamketisha kwanza, unamtengenezea njia. Dirishani hakuna kiti. Kwa hiyo tulimfundisha kitu kimoja tu: toa kichwa kwanza, mkia ukiulizwa. Unakwenda wapi? Minneapolis. Kwa nani? Binti yangu. Kufanya nini? Kumwona mjukuu wangu. Muda gani? Wiki sita. Hatukumkaririsha, maana aliyekariri hujibu swali ambalo hajaulizwa.

Maneno mawili yalitupa kazi zaidi ya mengine yote. La kwanza ni "kulea." Mama alipoulizwa anakwenda kufanya nini, alisema, kwa fahari, "Nakwenda kulea." Kwetu bibi analea, na hakuna anayefikiri mshahara. Ukitafsiri neno hilo kwa haraka, mgeni anasikia yaya, na kazi ya yaya haifanywi kwa viza ya kutembea. Anachokwenda kufanya mama ni kumwona mtoto, kumpakata, kukaa na binti yake. Basi aseme hilo, kwa kuwa ndilo.

La pili ni "inshallah." "Utarudi?" "Inshallah." Kinywani mwa mama hakuna ndiyo iliyo na nguvu kuliko hiyo, kwa sababu amemshuhudisha Mungu. Lakini kuna masikio yanayoisikia kama "labda." Sikutaka mama aiache dini yake kwenye mlango wa mtu, na yeye asingekubali. Tukapanga maneno upya: "Narudi tarehe kumi na mbili, inshallah." Tarehe mbele, dua nyuma, na vyote viwili ni kweli.

Usiseme miezi sita kwa kuwa umesikia ndiyo muda unaotolewa. Siku za kukaa utapangiwa na ofisa wa uwanja wa ndege ukishafika, viza ni ruhusa ya kubisha hodi tu. Na anayesema ana biashara isiyoweza kulala, kisha anaomba nusu mwaka, ameshajijibu.

Kama Kiingereza kinakukwama, omba Kiswahili. Si aibu. Mara ya kwanza mama alijikaza kwa Kiingereza cha kuazima, na hicho nacho kikampwaya.

Siku yenyewe, kaa ndani ya nguo zako. Mama alitaka wigi na koti la wifi yangu. Tukamkatalia, akaenda na buibui lake la Ijumaa. Tulisafiri kwa treni hadi kituo cha Syokimau, Nairobi, siku moja kabla, tukalala kwa jamaa, tukafika ubalozini Gigiri mapema. Simu haziingii. Wengine hulalamikia ukaguzi wa pale, lakini anayekumbuka tarehe 7 Agosti 1998, na zaidi ya watu mia mbili waliouawa katikati ya Nairobi ubalozi ule wa zamani ulipolipuliwa, hulalamika kwa sauti ya chini. Mwachie simu aliyekusindikiza. Aliyekusindikiza hubaki nje, hivyo haya yaliyotokea ndani ni mama aliyenisimulia, njia nzima ya kurudi hadi kituo cha Miritini, Mombasa.

Vidole kwanza, vyote kumi. Mashine ikamkataa. Miaka thelathini kando ya karai imemfuta ncha za vidole. Akavifuta kwa leso, akabonyeza tena, zaidi, mpaka ikakubali. Ukikata kidole au kukiunguza siku chache kabla, jua inaweza kukuchelewesha.

Neno la haraka kuhusu habari za WhatsApp kabla sijamaliza na mama. Sheria hizi hubadilika, na barua iliyosambazwa mara mia haina tarehe. Mnamo Oktoba 2025 ndugu zetu wa Tanzania waliingizwa kwenye mpango wa dhamana, ambapo mwombaji anaweza kutakiwa kuweka dola 5,000 hadi 15,000. Julai mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha ada ya nyongeza ya dola 250 kwa viza za aina hii. Soma tovuti ya ubalozi wiki unayoomba. Usitegemee kumbukumbu za jirani aliyesafiri mwaka juzi, wala za kwangu.

Ofisa, kijana, alimsalimu kwa Kiswahili. Akamuuliza kama amewahi kukataliwa. Mama akasema ndiyo, na akasema kwa nini: nilisema nina duka, sina duka, nina karai. Akamuuliza anauza nini hasa. Mama akamwambia. Akamuuliza dada anafanya kazi gani kule, nani analipa, wiki ngapi. Vichwa tu, mikia akaibana. Kisha akamuuliza swali ambalo hatukulifanyia mazoezi.

"Ukiwa huko, mahamri atakaanga nani?"

Mama anasema hapo alisahau kila tulichomfundisha. Akamweleza kwamba mke wa mwanawe atakaanga, lakini mkono wake bado haujui kupima tui, huzidisha, hamri linakunywa mafuta. Wateja watavumilia wiki sita kwa heshima ya mjukuu, ya saba watahama. Na hata wakivumilia, Ramadhani inaingia, ana oda za kaimati za nyumba kumi na moja na mkate wa sinia wa msikiti, na pesa za nyumba nne ameshapokea, na mtu hali pesa ya futari ya watu akiwa Minneapolis. Kijana akacheka, mama asijue amecheka nini, maana alikuwa hafanyi mzaha.

Ukikataliwa, pasipoti hurudi mkononi mwako na karatasi yenye kile kifungu cha 214(b). Hakuna rufaa, unaweza kuomba tena wakati wowote na kulipa tena, lakini usirudi kama hakuna kilichobadilika. Ukikubaliwa, pasipoti hubaki upande wa pili wa kioo.

Nilimwona akitoka langoni, mikono mitupu, akitembea upesi kuliko nilivyozoea. Nikamkimbilia, nikamuuliza pasipoti iko wapi. Hakunijibu. Alinyoosha mkono apewe simu yake, akampigia wifi yangu Mombasa, na sauti yake ikasikika barabara nzima: "Mbaazi za kesho umeshaloweka?"